Trekta la Kugeuza Kiti na Loda ya Kufungua: Mwongozo Kamili kwa Kazi za Shamba

Mchanga mbichi ndio ulionifundisha loda. Tulikuwa tunajenga josho kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, Nyanda za Juu Kusini, na trekta letu la HP 65 lilikuwa limefungwa loda, yaani mikono ya mbele ya kunyanyulia baketi, iliyochomelewa mtaani. Kwa wiki tatu lilipakia samadi bila shida yoyote. Siku ya kwanza ya mchanga, kwenye baketi ya kumi na kitu, gurudumu la mbele la kushoto lililala ubavu na trekta likapiga magoti. Dereva alikuwa hajakosea chochote ambacho mtu alikuwa amemfundisha. Baketi ilikuwa ileile na trekta lilelile. Kilichobadilika ni uzito wa kilichomo, na nyuma ya trekta hapakuwa na kitu cha kuusawazisha.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za loda, swali langu la kwanza ni moja: mzigo utakaa juu ya ekseli ipi? Jibu lake ndilo linaloamua trekta la kununua, namna ya kuifunga loda, namna ya kuendesha, na hata sababu ya kuifungua kazi ikiisha. Mwongozo huu wote unazunguka swali hilo.

Matrekta tunayozungumzia

Kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya kwa sababu zote huitwa za "mbele na nyuma".

Ya kwanza ni trekta la kawaida lenye liva ya mbele-nyuma, mara nyingi chini ya usukani upande wa kushoto. Dereva anabaki ameangalia mbele, ila anabadilisha mwelekeo kwa kusukuma liva bila kuhangaika na gia kuu. Baadhi ni za kimekanika: lazima ukanyage klachi na trekta karibu lisimame ndipo ubadilishe. Nyingine zina klachi zinazoogelea ndani ya oili, unasukuma liva tu na mashine inapunguza mwendo yenyewe kisha inarudi.

Ya pili ndiyo trekta la kugeuza kiti hasa. Kiti kinazunguka nyuzi 180, na dereva anakuta upande wa pili usukani na pedali, halafu anaendesha akiangalia kule kulikokuwa nyuma. Gia zake za kwenda upande huo zinatosha kufanya kazi ya kutwa, siyo rivasi moja ya kutokea zizini. Kampuni ya Versatile ya Winnipeg, Kanada, ilitoa modeli yake ya 150 mwaka 1977: mashine inayokunjika kiunoni, yenye magurudumu manne ya ukubwa mmoja, ambayo dereva hugeuka pamoja na usukani wake. Ford ilipoinunua Versatile mwaka 1987 ukoo huo uliendelea, na baadaye ukauzwa kwa jina la New Holland. Valtra wa Finland wana mfumo wanaouita TwinTrac, wenye usukani wa pili nyuma ya kibanda, unaopendwa na watu wa misitu. Antonio Carraro wa Italia wanatengeneza vitrekta vyembamba vya kugeuza kiti kwa mashamba ya mizabibu na matunda, mahali ambapo mistari imebana na mwisho wa mstari hakuna nafasi ya kugeukia.

Kwa nini mtu augeuze mwili wote? Kwa sababu ya ekseli. Kwenye trekta la kawaida, ekseli ya nyuma ndiyo nene, ina tairi kubwa na breki. Ile ya mbele ipo kwa ajili ya kukata kona. Loda ya kawaida inachukua mzigo mzito na kuuweka juu ya ekseli dhaifu. Ukigeuza kiti na kufunga uma au baketi upande wa nyuma, mzigo unakaa juu ya ekseli yenye nguvu, na magurudumu ya kukata kona yanabaki nyuma yako kama ilivyo kwenye foklifti za bandarini. Ndiyo sababu trekta hizi huinua vitu vizito zikiwa zimetulia.

Wengi wetu hatutanunua trekta la kugeuza kiti, maana ni ghali na machache yanafika kwetu. Lakini anayelielewa huiendesha vizuri zaidi hata loda ya kawaida, kwa hiyo nitayafuata yote mawili.

Hatua ya kwanza: pima mzigo kabla ya kupima mashine

Andika vitu unavyobeba shambani kwako na uzito wake. Chukua baketi ya nusu mita ya ujazo, ambayo ni ya kawaida kwa trekta la HP 70 hadi 90. Ikijaa mahindi makavu inabeba takriban kilo 360. Ikijaa samadi ya zizini, kati ya kilo 350 na 450 kutegemea maji na majani yaliyomo. Ikijaa mchanga uliolowa inakaribia kilo 1,000. Baketi ni moja, lakini mzigo umezidi mara mbili na nusu. Kwa hiyo kama kazi yako kubwa ni samadi na majani ya ng'ombe, na mchanga ni mara chache, usinunue loda kubwa kwa ajili ya mchanga. Jaza nusu baketi.

Kisha soma karatasi ya muuzaji kwa makini. Uwezo wa kunyanyua huandikwa mara nyingi ukiwa umepimwa kwenye pini inayoshika baketi. Mzigo haukai kwenye pini, unakaa mbele yake. Uliza uwezo ukiwa sentimita 80 mbele ya pini na mikono ikiwa juu kabisa. Namba itashuka, na hiyo ndiyo namba yako. Zaidi ya hapo, uwezo huo bado una uzito wa baketi ndani yake, kwa hiyo utoe ndipo upate mzigo wenyewe.

Pima pia kimo cha tela lako, kuanzia chini hadi ukingo wa bodi, uongeze nusu mita ya kumwagia. Loda isiyofika juu ya bodi itakulazimisha kuchimba shimo la kuegeshea tela. Nimeona watu wakifanya hivyo, na masika yakija shimo linageuka bwawa.

Hatua ya pili: trekta linaweza kuibeba loda?

Angalia pampu ya haidroliki. Mikono miwili ya loda ina silinda mbili. Ikiwa kila moja ina kipenyo cha ndani cha milimita 65 na mwendo wa sentimita 60, zote pamoja zinahitaji takriban lita 4 za oili kupanda hadi juu. Pampu inayotoa lita 40 kwa dakika itazipandisha kwa sekunde 6. Pampu ya lita 17 itachukua sekunde 14. Zidisha tofauti hiyo kwa baketi mia kwa siku ndipo uone kwa nini loda iliyofungwa kwenye trekta la zamani humfanya dereva akanyage mafuta mpaka mwisho muda wote. Pampu dogo haliharibu kitu, ila linakula dizeli na subira.

Loda inahitaji njia mbili za oili zinazosukuma pande zote, yaani mabomba manne: mawili ya kupanda na kushuka, mawili ya kukunja na kumwaga. Hakikisha valvu ya mikono ina mkao wa kuelea, ambao unaiachia baketi ifuate ardhi yenyewe bila kukandamizwa. Bila huo, kusafisha sakafu ya zizi ni mateso, kwani unachimba zege au unapita hewani.

Kuhusu ekseli ya mbele, ushauri wangu hauna kona: tafuta trekta la fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne. Sababu inayojulikana ni kwamba linavuta vizuri kwenye matope. Sababu muhimu zaidi ni breki. Kwenye matrekta mengi breki ziko nyuma peke yake. Baketi ikijaa, nyuma inapoteza uzito, na tairi za nyuma zikikosa uzito breki hazina kitu cha kushika. Ukiweka fowili, magurudumu ya mbele yanafungamana na ya nyuma na kusaidia kulizuia trekta. Kwenye mteremko hilo linaweza kuwa ndilo linalomrudisha dereva nyumbani.

Halafu fremu. Loda nzuri hushikwa na fremu inayokwenda nyuma kupita nyumba ya klachi hadi karibu na ekseli ya nyuma, ili nguvu zisambae mwilini mwote. Fremu fupi iliyofungwa mbele tu inavunja trekta katikati, mahali injini inapokutana na klachi. Ukiagiza fremu, iwe ya modeli yako hasa. Watengenezaji wakubwa wa loda, kama Quicke wa Sweden na Stoll wa Ujerumani, huuza fremu kwa modeli moja moja kwa sababu hii. Fundi akikuambia "hii inaingia zote", mshukuru na uondoke.

Hatua ya tatu: uzito wa nyuma

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo trekta letu lilipotuangusha.

Chukua trekta ambalo toka ekseli hadi ekseli ni mita 2.3. Baketi ikiwa imebebwa chini, kitovu cha mzigo kiko mita 1.6 mbele ya ekseli ya mbele. Weka kilo 800. Zidisha 800 kwa 1.6, upate 1,280, kisha gawanya kwa 2.3. Jibu ni takriban kilo 557. Hizo ndizo kilo zinazoondoka kwenye ekseli ya nyuma, na zote zinahamia mbele. Maana yake ekseli ya mbele haijaongezewa kilo 800. Imeongezewa 1,357. Trekta linafanya kama bembea ya watoto, na ekseli ya mbele ndiyo gogo la katikati.

Sasa funga kilo 600 kwenye mikono ya nyuma ya kubebea jembe, kitovu chake kikiwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Bembea inageuka upande wa pili: kilo 261 zinaondoka kwenye ekseli ya mbele, na ya nyuma inaongezewa 861. Mbele sasa imeongezewa 1,096 badala ya 1,357, na nyuma, badala ya kupoteza 557, imepata 304. Breki zimerudi, usukani umekuwa mwepesi, na trekta limetulia.

Watu wengi hujaza maji tairi za nyuma wakidhani wamemaliza. Maji yanasaidia, lakini elewa yanasaidia nini. Uzito wa maji uko juu ya ekseli yenyewe, siyo nyuma yake. Lita 200 kila tairi zinaongeza kilo 400 nyuma, zinazuia trekta lisiinuke, lakini haziondoi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele. Vyuma vinavyofungwa kwenye rimu ni hivyohivyo. Ukitaka kuiokoa ekseli ya mbele lazima uzito uning'inie nyuma ya tairi.

Uzito huo unaweza kuutengeneza mwenyewe. Tengeneza boksi la mbao lenye upana wa sentimita 80, kimo 60 na unene 50. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.24, na zege lina takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unapata kilo 576. Nondo na pini zitaifikisha karibu 600. Pini mbili za chini, za milimita 28 kwa mikono ya daraja la pili (Category 2), zichomelewe kwenye bapa la chuma linalopita ndani ya zege kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usizichomeke kwenye zege bichi peke yake, zitang'oka. Ya juu ni ya milimita 25. Liache likomae siku 28 kabla ya kuliinua, ulimwagilie wiki ya kwanza. Kabla ya yote, hakikisha mikono ya nyuma ya trekta lako inaruhusiwa kubeba kiasi hicho.

Jembe la diski linaweza kufanya kazi hiyo kwa dharura, lakini ni refu. Kila ukigeuka ndani ya uwanja linafagia ukuta, tela au mguu wa mtu. Zege ni fupi, na halina haja ya kuazimwa na jirani.

Upande wa pili sheria ni hiyohiyo. Ukifunga uma au baketi nyuma, iwe kwa kiti cha kugeuza au kwa mikono ya kawaida, magurudumu ya mbele lazima yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu. Chini ya hapo usukani unazunguka na trekta linaendelea moja kwa moja.

Hatua ya nne: kuifunga loda

1. Safisha pini zote na vikombe vya fremu, yaani mahali loda inapokaa. Changarawe moja inatosha kuifanya pini isikae.
2. Funga uzito wa nyuma kwanza. Loda tupu nayo ina uzito wake.
3. Endesha polepole, moja kwa moja, katikati ya mikono, mpaka nguzo za loda ziguse fremu. Asisimame mtu kati ya trekta na loda. Anayeelekeza akae pembeni, mahali dereva anamwona.
4. Zima injini, weka hendibreki, sogeza liva za haidroliki huku na huku kuondoa presha. Futa vichwa vya mabomba kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha unganisha. Weka rangi kila jozi, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, la sivyo siku moja utavuta liva ya kupandisha na baketi itamwaga.
5. Washa, tumia silinda za baketi kuishusha au kuiinua mikono mpaka ikae kwenye vikombe. Namna yake inatofautiana kwa kila loda, soma kitabu chake.
6. Zima tena, ingiza pini za kufungia pande zote mbili pamoja na vizuizi vyake. Kunja miguu ya kusimamishia.
7. Jaribu. Pandisha na kushusha mara tatu ili hewa itoke. Kisha kandamiza baketi chini taratibu mpaka magurudumu ya mbele yaanze kuwa mepesi. Kama pini haijaingia, itajionyesha hapo, baketi ikiwa ardhini, na siyo juu ya tela.

Baada ya saa 10 za kwanza za loda mpya, kaza bolti zote za fremu kwa kipimo cha kitabu. Rudia ikifika saa 50. Bolti za fremu zinalegea kimyakimya, na fremu iliyolegea inatanua matundu hadi hakuna bolti itakayoyashika tena.

Hatua ya tano: kufanya kazi

Pakia kwa umbo la herufi V: lundo upande mmoja, tela upande mwingine, nafasi ndogo katikati. Egesha tela ili ugeuke kidogo kadiri inavyowezekana. Kila baketi ina mabadiliko manne ya mwelekeo: kuingia lundoni, kutoka, kuendea tela, kuondoka. Tela linalojaa kwa baketi 10 lina mabadiliko 40. Matela 10 kwa siku ni 400. Sasa unaelewa kwa nini trekta lenye klachi kavu likifanya kazi ya loda linakula klachi mapema. Ukiwa nalo, simama kabisa kabla ya kubadilisha, inua mguu wote kwenye pedali, na usiitumie klachi kuzuia trekta lisirudi nyuma. Aliye na liva ya oili asijisahau naye: kubadilisha ukiwa kwenye mwendo mkali kunachemsha oili.

Ingia lundoni gia ya chini, baketi ikilala sambamba na ardhi. Ikijaa, ikunje huku ukipandisha kidogo. Ukiona tairi zinazunguka bure, acha kusukuma. Usimalizie kwa kukimbia na kugonga lundo, kwani unaipiga nyundo ekseli ileile tunayoitunza.

Ukibeba, baketi iwe sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi. Inua ukifika kwenye tela tu, trekta likiwa limenyooka. Mzigo ulioko juu ukikata kona unalivuta trekta upande.

Kwenye mlima, mzigo uelekee juu. Panda baketi ikiwa mbele yako, shuka kwa rivasi. Usikate mteremko kwa ubavu ukiwa na baketi iliyojaa. Weka fowili kabla hujaanza kushuka, maana katikati ya mteremko ni kuchelewa.

Marobota ya majani ya mviringo yanahitaji tahadhari ya peke yake. Robota likipandishwa juu kwenye baketi ya kawaida linaweza kuviringika nyuma kupitia mikono ya loda hadi kwa dereva. Tumia mkuki wa robota au kishikio chake, na trekta liwe na fremu ya kumkinga dereva. Mtu asipandishwe kwenye baketi kuchuna parachichi au kufunga taa, hata mara moja. Na kabla ya kuinua angalia juu: nyaya za umeme haziko mbali na mikono iliyonyooshwa.

Ukiwa na kiti cha kugeuza

Kabla ya kuzungusha: simama mahali tambarare, hendibreki, gia huru, zima mzunguko wa shafti ya nyuma (PTO). Zungusha kiti, sikiliza kufuli ikiingia, kisha litikise kwa mwili wako kuhakikisha. Kama usukani ni mmoja unaohamishwa, hakikisha umekaa kwenye meno yake.

Sasa jambo ambalo limewashtua madereva wengi: kwenye mashine nyingine liva ya mwelekeo inahesabu "mbele" kwa mujibu wa trekta, kwenye nyingine kwa mujibu wa dereva. Usikisie. Kwenye uwanja wazi, injini ikizunguka polepole, gusa liva na uone inakupeleka wapi. Fanya hivyo kila asubuhi unapobadilisha upande.

Kwenye trekta linalokata kona kwa magurudumu ambayo sasa yako nyuma yako, mkia ndio unaotembea. Ukikata kulia karibu na ukuta ulio kushoto, mkia unakwenda kuugonga ukuta wa kushoto. Anza kukata ukiwa mbali na ukuta. Saa mbili za mazoezi kwa kuzunguka madebe matupu zinatosha kumfanya dereva mzuri aanze kazi, na dereva wa foklifti atajifunza kwa nusu ya muda huo.

Usikubali kiti cha kugeuza kilichobuniwa mtaani. Stelingi, breki na klachi lazima vifanye kazi kwa uhakika ule ule upande wa pili, na hilo haliwezekani kwa vyuma vya kuunga. Kama unataka faida yake kwa bei nafuu, nunua baketi ya nyuma inayofungwa kwenye mikono ya jembe. Unaingia lundoni kwa rivasi, shingo itauma jioni, haifiki juu ya tela, lakini mzigo umekaa kwenye ekseli inayostahili. Kwa kusogeza samadi, mifuko ya mbolea na mawe ndani ya shamba, mimi naiheshimu sana.

Hatua ya sita: kuifungua

Loda ifunguliwe kazi yake ikiisha. Kulima nayo ni kubeba mamia ya kilo juu ya ekseli ya mbele kutwa nzima bila faida, na mikono yake inagonga kila mti wa mpakani.

Chagua sakafu ngumu na tambarare, chini ya kivuli. Kivuli nakisisitiza: oili iliyofungiwa ndani ya mabomba ikipigwa na jua inatanuka, na siku ya kufunga vichwa vinakataa kuingia. Watu huvipiga nyundo na kuviua. Shusha baketi ilale, toa pini za kufungia, shusha miguu, kisha tumia silinda za baketi kuitoa mikono kwenye vikombe. Zima injini, ondoa presha kwa liva, chomoa mabomba, yafunike vichwa na uyatundike juu ya fremu ya loda yasilale vumbini. Hakikisha hakuna bomba lililobaki limeshika, kisha rudi nyuma polepole ukiwa umenyooka. Ikiyumba, simama. Weka magogo chini ya mikono. Watoto hupenda kupanda loda iliyoegeshwa, na loda isiyosimama vizuri inaangukia yeyote aliye karibu.

Matunzo

Grisi kila baada ya saa 10 za kazi, pini zote, mpaka grisi chafu itoke. Pima oili ya haidroliki mikono ikiwa chini, maana ikiwa juu sehemu ya oili iko ndani ya silinda na kipimo kitakudanganya. Angalia upepo wa tairi za mbele kila asubuhi.

Uvujaji wa bomba usiutafute kwa kidole. Tundu dogo lisiloonekana linarusha oili kwa presha inayopenya ngozi, na jeraha lake huonekana kama kitone cha sindano. Pitisha kipande cha kadibodi karibu na bomba, kitalowa penye tundu. Mtu akichomwa, hata kama haumii, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha. Mara nyingi huhitaji upasuaji wa haraka, na kuchelewa kunaweza kugharimu kidole au mkono.

Ukinunua iliyotumika

Matrekta mengi yenye loda yanafika kwetu yakiwa yamefanya kazi miaka Ulaya. Mwombe muuzaji awashe mbele yako injini ikiwa ya baridi. Jaza baketi, inua hadi usawa wa bega, zima injini, na utazame kwa dakika tano. Kushuka kidogo ni kawaida, kushuka hadi chini ni sili za silinda au valvu zilizochoka. Shika ncha ya baketi uitikise kwa upande: mchezo mkubwa ni bushi na pini. Tafuta michomeleo kwenye mikono na nyufa kwenye nyumba ya klachi, hasa chini ya rangi mpya. Jeki mbele, vuta gurudumu juu na chini, usikilize ekseli. Badilisha mbele na nyuma mara kumi mfululizo kwa mwendo wa taratibu, kisha nusa oili: harufu ya kuungua ni klachi inayokaribia mwisho. Kama lina kiti cha kugeuza, kigeuze, endesha upande huo walau robo saa, ukate kona pande zote na ukanyage breki za upande huo ukiwa na mzigo. Muuzaji akisema upande huo hautumiki siku hizi, lihesabu kuwa trekta la kawaida na ulipe bei ya trekta la kawaida.